Mashine Isiyosalimu Watu

Lionel alipitiwa na usingizi kwenye slaidi ya tisa.

Eyotaru hakugundua mara moja, kwa kuwa alikuwa amempa mgongo, akisoma maneno ukutani. Alipogeuka kuuliza kama ameeleweka, alimkuta mwenzake ameegemeza shavu kwenye kiganja, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza kwaya nzuri. Slaidi zilizobaki zilikuwa thelathini na mbili.

"Lionel."

"Nasikia," Lionel akajibu bila kufumbua macho.

"Nimesema nini?"

"Umesema kanuni." Akafumbua jicho moja. "Tangu uanze umesema kanuni. Dada, hii kitu iko muzuri, lakini mutu yote atalala. Mimi nimesaidia kuitengeneza na nimelala. Sasa yule ambaye hajui kitu?"

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani mjini Arua, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na walikuwa wawili tu. Lionel alizaliwa Aru, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha kule. Eyotaru alikuwa wa Manibe, nje kidogo ya mji, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, mtoto wa wakulima wa muhogo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema mbio, kama mtu anayevuka barabara yenye malori. Alipokuwa shule aliwahi kupewa somo la kusoma kanisani. Alilisoma haraka kiasi kwamba padri alikuwa bado anatafuta miwani yake wakati Eyotaru amekwisha kurudi kwenye benchi. Tangu siku hiyo, dunia ya watu wengi aliiacha kwa watu wengine. Yeye alichagua kompyuta, ambayo husikiliza hata ukinyamaza.

Jumamosi ya wiki hiyo, hata hivyo, angesimama mbele ya watu sitini.

Mkutano ulikuwa wa waandishi wa programu wa Arua. Hukutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mmoja wao hueleza kazi aliyoifanya. Peace, mwanamke mchangamfu aliyeuendesha mkutano huo, alimwandama Eyotaru kwa miezi mitatu. Mwezi uliofuata Eyotaru alikubali, lakini si kwa sababu ya Peace. Alikubali kwa sababu ya magoti ya Mama Drateru.

Mama Drateru alikuwa mwonjaji wa chama cha wafuga nyuki. Kwa miaka kumi na tisa hakuna ndoo ya asali iliyoingia ghala la chama bila kupita kwenye ulimi wake. Siku za kawaida alionjea Arua, na kila Ijumaa ya msimu alipanda gari la chama kwenda Koboko kuonja asali ya watu wa Abuku. Wao walikuwa na mizinga mingi kuliko wote na njia ndefu kuliko wote. Lakini mwaka huu magoti yalikuwa yamekataa. Mama Drateru alimwambia mwenyekiti wa chama waziwazi: ulimi bado uko, ila miguu ya kuupeleka Koboko haiko tena. Na bila mwonjaji, nyumba ya kupokelea asali ya Koboko isingefunguliwa. Watu wa Abuku wangebeba ndoo zao hadi Arua, au wangezitoa kwa mchuuzi yeyote apitaye.

Ndipo chama kilipokuja kwa Eyotaru na Lionel. Je, yaliyomo kichwani mwa Mama Drateru yanaweza kuingia kwenye kompyuta, ili mtu mwingine aketi Koboko na kupokea asali kama angeipokea yeye?

Eyotaru alikaa kando ya Mama Drateru kwenye ghala la Arua Ijumaa kumi na moja, daftari gotini. Aliandika kila alilosema. Asali yenye maji mengi irudi kwa mwenyewe. Asali yenye watoto wa nyuki ikataliwe. Asali nyeusi isidharauliwe ikiwa imetoka upande wa miti ya shea, hiyo ndiyo rangi yake. Asali inayonuka moshi ikataliwe, hata ikiwa ya kaka yako. Kanuni thelathini na nne. Kisha akatengeneza ile programu ambayo waandishi wa programu huiita injini ya kanuni, na ikafanya kazi vizuri mezani pake. Lakini mwenyekiti wa chama, Hajati Madina, mfanyabiashara wa Koboko aliyejua kupima mtu kwa kumtazama viatu, hakuridhika na habari za mezani.

"Nimesikia Jumamosi utawaeleza wenzako," alisema kwenye simu. "Na mimi nitakuja na watu wangu. Nikielewa, tunafungua Koboko msimu huu. Nisipoelewa, tutaongea mwaka ujao. Nyuki hawana haraka, ni sisi ndio tuna haraka."

Hivyo ndivyo Eyotaru alivyojikuta na slaidi arobaini na moja na mwenzake anayekoroma.

"Na hilo jina libadilishe," Lionel akaongeza, akijinyoosha. "Injini ya kanuni. Mutu atafikiri unauza gari. Sema mashini ya sheria."

"Nikisema mashine ya sheria, watu wa Abuku watafikiri ni polisi."

Lionel alifikiri. "Basi usiipe jina. Onyesha tu inafanya nini."

Jumatano jioni Eyotaru alikwenda nyumbani kwa Mama Drateru, Manibe, kumkumbusha siku ya mkutano. Alimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, anakoroga mchuzi wa angara, vile visamaki vikavu, uliotiwa simsim iliyosagwa. Magoti aliyanyoosha mbele yake kama vitu vya mtu mwingine alivyoazima.

"Kaa, binti yangu. Sasa niambie mimi kabla ya kuwaambia wakubwa. Hii mashine iko na nini ndani?"

Eyotaru akaanza. Alisema kwamba katika programu ya kawaida kanuni na utekelezaji huwa vimechanganyika, ilhali katika injini ya kanuni vimetenganishwa, na kwamba faida yake ni...

Mama Drateru alikuwa akimtazama kwa upole ule ambao mtu humtazamia mtoto anayeimba wimbo asioujua. Kisha akainuka kidogo, akapakua mchuzi katika mabakuli matatu. Juu ya sinia, katikati, akaweka kisahani cha chumvi.

"Huutii chumvi, mama?"

"Mzee iko na presha, daktari amemkataza chumvi. Mjukuu anataka nyingi. Mimi nataka kidogo. Nikitia kwenye sufuria, imekwisha, siwezi kuitoa. Nikiacha pembeni, kila mtu anatia yake, na kesho daktari akibadilisha maneno, mimi sipiki upya."

Eyotaru akakitazama kile kisahani.

"Mama, hiyo ndiyo mashine."

"Chumvi?"

"Chumvi pembeni. Programu nyingine zimetiwa chumvi sufuriani. Hii yetu, kanuni zako ziko kwenye kisahani chake. Ukitaka kuongeza moja, hatupiki upya."

Mama Drateru akatafakari akitafuna. "Kumbe ni kitu rahisi hivyo," akasema. "Kwa nini ulianza na ile nyingine?"

Usiku huo slaidi zikapungua hadi kumi na mbili. Ya kwanza ilikuwa picha ya kisahani cha chumvi.

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa nne. Nusu ya waliokuja walikuwa vijana wenye kompyuta mapajani, na nusu nyingine walikuwa watu wa asali: wafugaji wa Manibe, wafugaji wa Abuku waliofika na gari la chama, na wafanyabiashara Wakongo waliokuwa wakinunua kwa madebe. Kwa ajili yao Peace alitangaza kwamba leo Kiingereza kitapumzika. Humo ndani mlikuwa na Walugbara, Wakakwa na Wakongo, na Kiswahili ndicho kilichokuwa nguo ya kuazima iliyomtosha kila mmoja, ingawa kwa wengine ilibana mabegani.

Mama Drateru alikaa mstari wa mbele, penye nafasi ya kunyoosha miguu. Hajati Madina alikaa katikati, mkoba mapajani, uso wake haujasema neno. Nyuma yake alikaa mzee mmoja mwembamba aliyevaa koti la kijivu lililopigwa pasi mpaka likang'aa, na miguuni pake palikuwa na ndoo nyeupe yenye mfuniko.

Projekta ilikuwa ya zamani. Kila kitu cha rangi ya dhahabu ilikigeuza kijani, kwa hiyo picha ya asali aliyoipiga Eyotaru kwa uangalifu ilitokea ukutani kama dawa ya kikohozi. Mtu mmoja akacheka. Eyotaru alihisi ulimi wake unajiandaa kukimbia.

Akaitazama picha, akawatazama watu. "Hii ni asali," akasema polepole. "Msiogope, projekta ndiyo mgonjwa."

Ukumbi ukacheka, na kile kicheko kikawa kama kiti alichovutiwa, akapata pa kukaa. Akaonyesha kisahani cha chumvi. Akaeleza habari ya sufuria na mabakuli matatu, bila kumtaja mzee mwenye presha, lakini Mama Drateru mwenyewe akawageukia jirani zake na kuwaambia kwa sauti, "Ni mume wangu." Eyotaru akaendelea. Akaonyesha kanuni chache ukutani, zimeandikwa kwa maneno ya kawaida, kila moja mstari wake: ikiwa hivi, basi hivi. Vijana wa kompyuta waliandika. Wafugaji waliitikia kwa vichwa kila walipoitambua sauti ya mwonjaji wao katika mstari fulani. Peace, aliyeshika kadi za kuonyesha dakika zilizobaki, alisahau kuziinua.

Alipofika slaidi ya nane, Hajati Madina aliinua mkono.

"Binti yangu, unasema vizuri. Lakini sisi watu wa soko hatununui ng'ombe kwa picha. Alionzi, leta ndoo."

Mzee wa koti la kijivu akasimama. Hajati Madina akawaeleza watu kwamba huyu ni Alionzi wa Abuku, mwenye mizinga arobaini, na kwamba katika miaka yote ya Mama Drateru asali yake haijarudishwa hata mara moja. "Mashine iipokee mbele yetu. Tuone."

Lionel alifurahi. Alikuwa amekaa kwenye meza ya mbele tayari, na kile kifaa kidogo cha kupima maji ndani ya asali kiko mfukoni mwake kama kalamu. Akafungua mfuniko, akachota tone, akapima. Maji, sawa. Akailinganisha rangi na kadi ya rangi za asali, sawa. Watoto wa nyuki, hakuna. Akainamisha pua juu ya ndoo. Akanusa mara mbili, akamtazama Eyotaru, akanusa tena.

"Moshi?" Eyotaru akauliza.

"Iko," Lionel akasema kwa sauti ya chini.

Hakukuwa na la kufanya. Eyotaru akabonyeza. Ukutani likatokea neno moja kubwa jekundu, na nyekundu ndiyo rangi pekee ambayo projekta ile iliiweza barabara: KATAA.

Alionzi alibaki amesimama kando ya ndoo yake. Alishusha mikono, akaishika ncha ya koti lake kwa vidole viwili, akawa anainyoosha pale ambapo pasi ilikwisha kuinyoosha. Nyuma yake watu wa Abuku walitazamana. Hajati Madina alifunga zipu ya mkoba wake, polepole, mpaka mwisho.

Eyotaru aliyajua maneno ya kujiokoa. Angeweza kusema mashine hujibu kile ilichoambiwa, na aliyeiambia ni pua ya Lionel. Lilikuwa jambo la kweli, na slaidi ya tisa ilikuwa tayari. Lakini hakuweza kuondoa macho kwenye vile vidole vya Alionzi.

"Ngoja kwanza," akasema Mama Drateru.

Akajishika kwenye kiti cha jirani, akainuka, magoti yakilalamika, na ukumbi mzima ukamngoja. Hakwenda kwenye ndoo. Alikwenda kwa Alionzi, akampa mkono, na mkono wake mwingine akaushika kiwiko, kama inavyopasa.

"Alionzi. Mko?"

"Tuko, mama."

"Watu wa nyumbani?"

"Wako."

"Mlilala?"

Alionzi akaachia koti. "Tulilala, lakini kidogo sana."

"Kwa nini kidogo?"

"Wageni, mama. Wakwe wa binti yangu walikuja juzi, watu kumi na wanane. Nyumba yote ilijaa. Mimi na mama wa nyumbani tulilala kwa jirani."

"Wakwe wamekuja, hiyo ni habari njema. Na ndoo ililala wapi?"

"Si jikoni," Alionzi akasema, kisha akasita, akatafakari usiku ule chumba kwa chumba. "Ah. Ndiyo, jikoni. Chumbani walikuwa watoto wa wageni, niliogopa wataichovya."

"Na moto?"

"Moto haukuzimika siku mbili. Watu kumi na wanane, mama."

Kicheko kilianza huko nyuma, kwa wanawake, kikaja mbele taratibu. Mama Drateru alichukua ncha ya kitenge chake, akapangusa mfuniko, akapangusa ukingo wa ndoo kuzunguka, na kitambaa kikatoka na rangi ya masizi. Akaomba bakuli safi. Peace akakimbia kuleta. Mama Drateru akapitisha kijiko chini, ndani kabisa ya ndoo, akamimina, akaliacha bakuli wazi kwa muda kidogo, akampa Lionel.

"Nusa."

Lionel akanusa. Akaonja. Akaonja tena, zaidi ya kazi ilivyohitaji. "Hapana moshi," akasema. "Mama, hii asali iko kama Jumapili."

"Moshi uko kwa ndoo, si kwa asali," Mama Drateru akawaambia watu, kisha akamgeukia Eyotaru bila ukali wowote. "Mashine yako ni nzuri. Lakini haikumsalimu."

Daftari la Ijumaa kumi na moja lilikuwa mezani. Eyotaru akalifungua, ingawa alijua atakachokiona. Kila ukurasa ulianza namna moja: juu kabisa, kabla ya maneno yoyote, palikuwa na nyuki wadogo aliowachora kwa kalamu. Nyuki watatu, nyuki sita, siku nyingine mzinga mzima. Aliwachora wakati wa salamu. Kila Ijumaa mfugaji alipoingia na Mama Drateru kuanza kumwuliza habari za nyumba, za mvua, za mgonjwa, za mazishi, Eyotaru alijua kazi haijaanza, akapumzisha akili akichora. Alikulia Manibe, salamu hizo alikuwa amezisikia tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Ndiyo maana hakuzisikia.

Akalinyanyua daftari watu walione.

"Nimekosea," akasema. Sauti haikukimbia. "Mnaona hawa nyuki? Hapa ndipo Mama Drateru alipokuwa anafanya kazi, na mimi nilifikiri anapiga soga. Mzee Alionzi, nakuomba radhi. Asali yako haina kosa."

Alionzi akatikisa kichwa. "Hapana kosa, binti. Hata mimi nilikuwa nimesahau ilikolala."

"Sasa tutaongeza kanuni, hapa hapa, mbele yenu. Mama, niambie, niandike."

Mama Drateru alirudi kwenye kiti chake, akanyoosha miguu, na kutoka pale akasema kanuni ya thelathini na tano. Ikiwa ndoo inanuka moshi, na ikiwa ililala jikoni, basi subiri: pangusa ndoo, mimina katika chombo safi, onja tena. Eyotaru akaandika, maneno yakitokea ukutani mbele ya macho ya watu sitini. Aliandika "jikoni" vibaya, kijana mmoja akamsahihisha, akashukuru. Akabonyeza.

KATAA.

Safari hii kicheko kilikuwa cha wote, hata Alionzi. Eyotaru alijishika kichwa, kisha akacheka nao.

"Iko wapi shida?" Hajati Madina akauliza, mkoba umefunguka tena.

"Sasa kuna kanuni mbili zinazozungumzia moshi," Eyotaru akasema, akifikiri kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. "Ile ya zamani inasema kataa. Mpya inasema subiri. Zote mbili zinafaa, na mashine haijui iifuate ipi. Imeifuata ya kwanza kuandikwa. Mimi lazima niiambie ipi inatangulia." Akamtazama Mama Drateru. "Ipi inatangulia, mama?"

Mama Drateru akashangaa kwamba linaulizwa. "Salamu hutangulia."

Eyotaru akaihamisha kanuni mpya, akaiweka juu ya ile ya zamani. Programu nyingine yote hakuigusa, na vijana wa kompyuta waliona kwamba hakuigusa. Akabonyeza. Ukutani pakaandikwa: SUBIRI. Pangusa ndoo, mimina katika chombo safi, onja tena. Lionel, aliyekuwa amekwisha kuonja mara nne, akaonja ya tano kwa ajili ya kumbukumbu, akaandika kwamba hakuna moshi. Likatokea neno jingine, la rangi ambayo projekta iliifanya kijani kibichi kama majani ya kunde: POKEA.

Watu wa Abuku walipiga makofi kwa Alionzi, vijana wakapiga kwa kompyuta, na Peace akainua ile kadi ya dakika tano, ingawa muda ulikuwa umekwisha nusu saa iliyopita.

Hajati Madina alingoja makofi yaishe. "Swali langu la mwisho. Koboko tutamweka Christelle, msichana mwema, lakini anapenda kazi ya haraka. Siku akisahau kusalimu?"

"Mashine haitafungua ukurasa wa kupima mpaka swali la kwanza lijibiwe," Eyotaru akasema.

"Swali gani?"

"Ndoo ililala wapi."

"Hapana," Mama Drateru akakata. "Huwezi kuingia kwa mtu ukauliza ndoo. Uliza mtu kwanza, ndoo itakuja yenyewe."

"Basi swali la kwanza litakuwa: mlilalaje nyumbani."

Hajati Madina akamtazama Eyotaru, kuanzia viatu kwenda juu, safari hii akafika mpaka usoni. "Ijumaa ijayo tunafungua Koboko," akasema. "Na slaidi zako zilizobaki?"

"Zimebaki nne."

"Ziache. Tumeelewa."

Ijumaa iliyofuata nyumba ya Koboko ilipigwa deki mapema, na mlango ukafunguliwa upande wa soko, ambako pikipiki zilikuwa zikishusha watu na magunia ya waendao Kongo na Sudan Kusini. Mama Drateru alikuja mara hii moja tu, kwa kuwa Hajati Madina alisisitiza. Aliwekewa kiti chenye mto na kigoda cha miguu, akapewa chai, na akaamriwa asionje kitu. Eyotaru alikaa kando yake na daftari jipya. Christelle alikaa mbele ya kompyuta, mgongo umenyooka, kama mtu anayepigwa picha.

Mfugaji wa kwanza aliingia, mzee mfupi mwenye ndoo mbili. Christelle akatazama skrini, akaona swali, akamtazama mzee.

"Baba, mlilalaje nyumbani?"

Mzee akatua ndoo. Hakuna mtu mwenye kompyuta aliyewahi kumwuliza hivyo, na aliona vema ajibu kikamilifu. Akasema walilala salama, ila mvua ilinyesha, ila paa halikuvuja, ila mbuzi wake alizaa mapacha saa ya jogoo kuwika, na mmoja alikuwa dhaifu ikabidi wamwingize ndani.

Vidole vya Christelle vilikuwa hewani juu ya herufi. Akamgeukia Eyotaru, akamnong'oneza, "Dada, hiyo ya mbuzi naandika wapi?"

"Usiandike," Eyotaru akanong'ona. "Wewe sikiliza tu."

Mama Drateru alishusha kikombe.

"Andika," akasema. "Huyo mbuzi aliingizwa wapi, kama si pale ndoo zilipokuwa?"

Mzee akazitazama ndoo zake, akainama, akanusa mfuniko wa kwanza, na uso wake ukabadilika. Akafungua mdomo kujitetea, lakini Mama Drateru alikwisha kumpa kitambaa. Na Eyotaru, kalamu mkononi, akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, akaanza kuandika habari ya mbuzi juu kabisa, kwenye nafasi ya nyuki.